Koleslo ya matunda na karanga kwa kipaimara: mayonezi, mtindi au ndimu na mafuta?

MamaNeema_Ilazo – Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wapendwa, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaenda sokoni. Binti yetu anapata kipaimara na mimi nimekabidhiwa upande wa saladi. Sitaki ile kabichi ya kila sherehe, imelala, imelegea, na maji yamejaa chini ya bakuli. Nataka koleslo inayolia ukiitafuna, yenye matunda na karanga ndani. Niliila Arusha mwaka jana kwenye msiba wa rafiki na haikuwa sahihi kuulizia mapishi siku ile, lakini ladha yake sijaisahau.

Nimekwama kwenye mambo matatu. Sosi yake iwe mayonezi, mtindi, au ndimu na mafuta tu? Tunda liwe epo, nanasi au zabibu? Na je, karanga za kawaida zinatosha au niingie gharama ya korosho? Kamati inataka bajeti yangu keshokutwa jioni.

Jikoni_AreaD – saa 3:22 usiku

Hongera sana kwa kipaimara. Ila dada, umetuacha gizani. Watu wangapi? Chakula saa ngapi? Ukumbini au nyumbani chini ya turubai? Una friji ya ukubwa gani? Kwenye meza kuna saladi nyingine au ni hiyo peke yake? Mtu akikwambia "weka mayonezi" bila kuyajua hayo anakupoteza.

Babu_Mpunguzi – saa 3:31 usiku

Zabibu. Huu ni mwezi wa tisa, Mpunguzi na Hombolo watu wako mashambani wanavuna, na wewe uko Dodoma mjini unauliza epo lililosafiri kutoka Afrika Kusini? Kata zabibu katikati, toa mbegu, changanya. Wageni wako watakuwa wamekula kitu cha nyumbani.

DadaWaKisasa – saa 3:40 usiku

Shikamoo babu. Zabibu nazipenda, lakini nyingi za mashamba yetu ni za mvinyo, ngozi yake nzito na mbegu zimejaa. Kutoa mbegu za kilo tatu kwa ncha ya kisu ni kazi ya watu wawili usiku mzima. Nimeifanya, najua ninachosema.

Mimi nasimama na epo la kijani, lile chachu. Unalikata vijiti vyembamba kama vya kiberiti, linalia sawasawa na kabichi na uchachu wake unaamsha kila kitu. Ukishakata tu likamulie ndimu, la sivyo kabla hujamaliza la pili la kwanza limeshakuwa kahawia.

Babu_Mpunguzi – saa 3:44 usiku

Marahaba binti yangu. Zabibu za mezani zipo pia, si zote ni za mvinyo. Muulize mkulima, usimuulize mchuuzi.

Kitunguu_Swaumu – saa 3:58 usiku

Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Kwa nini tunda kwenye chakula cha chumvi? Kachumbari ya nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili inaendana na pilau na nyama choma tangu enzi za wazazi wetu. Nimekaa mnada wa Msalato Jumamosi nyingi na sijaona mtu anadai zabibu juu ya mbuzi.

Mwl_Kondoa – saa 4:05 usiku

Ndugu Kitunguu, kachumbari ni kachumbari na koleslo ni koleslo, hazigombani. Hata jina lake linatoka mbali, ni la Kiholanzi: "kool" ni kabichi, "sla" ni saladi. Na tunda kwenye chakula cha chumvi si jambo geni kwetu. Watu wa Pwani wanakula pilau na ndizi mbivu, na embe bichi na chumvi na pilipili wewe mwenyewe umelila ukiwa mtoto.

Ningekuwa mama Neema ningetamani embe bichi la kukwangua, hakuna kinachokaribia. Bahati mbaya maembe bado, mpaka mwezi wa kumi na moja huko.

Mpishi_Chamwino – saa 4:37 usiku

Mama Neema, pole na majukumu. Nitakueleza kilichonipata, kirefu kidogo, ili kisikupate.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu alikuwa na sendofu, na mimi kama dada mkubwa nikasema saladi niachieni. Nikaamka saa 10 alfajiri. Kabichi kumi kubwa, karoti, mananasi sita, mtindi lita nane, karanga za kukaanga kilo mbili. Nikakata vyote, nikatia chumvi, sukari kidogo, nikamimina mtindi, nikamwaga karanga, nikakoroga kwenye beseni kubwa la bluu tunaloogeshea watoto, nilikuwa nimelisugua kwa maji ya moto mara tatu. Saa 12 asubuhi ilikuwa nzuri mno. Nilionja, nikamwita mama aonje, mama akasema mwanangu hapa umefika.

Chakula kilipangwa saa 7 mchana. Wakwe wakachelewa barabarani, tukaja kula saa 10 jioni. Nilipofunua beseni, kabichi ilikuwa imezama. Juu kulikuwa na maji ya njano, chini yake mtindi umekatika vipande vipande vidogo kama maziwa yaliyotiwa ndimu yakiwa jikoni. Karanga zilikuwa zimevimba na kulainika kama za kuchemsha. Nikaonja. Haikuwa chachu, ilikuwa chungu, uchungu ule unaokaa nyuma ya ulimi na hauondoki kwa maji.

Nikadhani mtindi ulikuwa mbovu. Siku nyingine kabisa dada mmoja aliyesomea lishe ndiye aliyenifungua: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, kinavunja protini. Ukilikutanisha na maziwa au mtindi kwa saa kadhaa, linaivunja na kuacha uchungu. Papai nalo lina cha kwake cha namna hiyo. Nanasi lililopita kwenye moto halifanyi hivyo kwa sababu joto linakiua. Na yale maji mengi yalikuwa ya kabichi yenyewe, chumvi ilikaa kama saa kumi inayavuta.

Siku hiyo sikuyajua hayo. Nilikamua kabichi kwa mikono yangu, ikatoka karibu nusu ndoo ya maji, huku shangazi zangu wamesimama mlangoni wanauliza saladi iko wapi. Tukaipeleka hivyohivyo. Mabakuli yakarudi yamejaa. Mama hakusema neno, alilibeba lile beseni akaenda kulimwaga nyuma ya nyumba, akarudi na jagi la maji akaninawisha mikono kama alivyokuwa akininawisha nikiwa mdogo. Usiku ule nililia, na si kwa sababu ya kabichi tu.

Kwa hiyo tafadhali. Nanasi bichi na mtindi, usithubutu. Na usichanganye chochote kabla ya kujua wageni wameketi.

DadaWaKisasa – saa 4:45 usiku

Dada pole sana. Hapo kwa mama na jagi la maji nimenyamaza kwanza.

MamaNeema_Ilazo – Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Mpishi, asante kwa kunieleza, nilikuwa nimeshaandika nanasi kwenye karatasi yangu. Nimelifuta.

Samahani kwa kutotoa maelezo. Watu ni 150, kati yao watoto kama 40. Ni Jumapili, ibada inaanza saa 3 asubuhi na wote tutakuwa kanisani, chakula saa 8 mchana nyumbani uani chini ya turubai. Friji ni moja ya kawaida ya nyumbani na nusu yake ina soda. Kutakuwa na pilau, kuku, ndizi, mchuzi wa nyama na matunda ya kukata. Saladi ni hii tu. Halafu mama mkwe ana kisukari, sukari sitaki kuitia kabisa.

Jikoni_AreaD – saa 1:15 asubuhi

Haya, sasa tunaongea. Watu 150, uani, saa 8 mchana, friji nusu. Mayonezi ondoa kichwani. Siyo kwamba ni mbaya, ya dukani ina siki ya kutosha na ikiwa peke yake inavumilia. Lakini ukishaichanganya na kabichi na karoti uchachu unapungua, maji yanaongezeka, na joto la mchana wa mwezi huu linakaribia nyuzi 30. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba chakula cha namna hiyo kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Ukijumlisha hotuba za wazazi, zawadi na picha, saa mbili zimeisha watu hawajafika mezani.

Ndimu na mafuta ya alizeti ndiyo njia yako. Kwa kila kilo moja ya kabichi iliyokatwa: maji ya ndimu vijiko vinne vya chakula, mafuta vijiko vinne, haradali kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga. Weka kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa mpaka iwe nzito kidogo. Haradali ndiyo inayoshikilia mafuta na ndimu visiachane. Utamu uachie tunda, mama mkwe atakula kwa amani.

Kwa wingi, mtu mmoja mhesabie gramu 90 hivi. Hiyo ni kilo 13 na nusu kwa wote. Kabichi nne za kilo mbili, zikitolewa kigogo zinabaki kama kilo saba, karoti kilo mbili, tunda kilo tatu, karanga kilo moja na nusu.

Mtindi_Mzito – saa 1:40 asubuhi

Jikoni anakunyima raha ya koleslo. Bila kitu cheupe kinachoshika jani, hiyo ni kachumbari ya kabichi. Mtindi unawezekana, shida ni watu kuumimina ulivyo na maji yake. Chukua mtindi mzito, uweke kwenye kitambaa safi cheupe, ufunge, uning'inize juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi maji yote yako chini na ndani ya kitambaa una kitu kizito kama siagi laini. Lita tatu zinakupa kama lita moja na nusu. Tia ndimu, chumvi, haradali. Kopo dogo tu kwenye friji, halikugombanishi na soda. Unauchanganya saa 8 kamili.

Jikoni_AreaD – saa 1:52 asubuhi

Na umeme ukikatika Jumamosi usiku?

Mtindi_Mzito – saa 1:55 asubuhi

Mtindi ni maziwa yaliyokwishachachuka, bibi zetu waliutunza kwenye kibuyu bila friji yoyote.

Jikoni_AreaD – saa 2:03 asubuhi

Waliutunza wao kwa wao, hawakuwalisha watu 150 wakiwemo watoto 40 wa watu wengine. Sikatai mtindi, nakataa kubahatisha.

Ubuyu_Mweupe – saa 2:30 asubuhi

Nashangaa tuko Dodoma, mibuyu imetuzunguka, na hakuna aliyetaja ubuyu. Unga wa ubuyu mweupe usiotiwa rangi wala sukari, vijiko vitano vya chakula kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, koroga, chuja, acha robo saa. Unakuwa mzito wenyewe na mchachu. Ongeza mafuta ya alizeti na chumvi. Unashika kabichi kama mayonezi, hauna yai, hauna maziwa, hauharibiki haraka kwa jua. Nyumbani kwangu ndiyo sosi ya kabichi kila Jumapili na watoto wanalamba bakuli.

DadaWaKisasa – saa 2:41 asubuhi

Ubuyu kwenye kabichi sijawahi kuusikia, lakini nitajaribu leo hii.

Fundi_Kisu – saa 4:10 asubuhi

Mnagombania sosi wakati kosa linaanzia kwenye kisu. Kabichi ya koleslo haikwanguliwi kwenye grata, hiyo inaipondaponda na maji yanaanza kutoka hapohapo. Inakatwa kwa kisu kikali. Gawa kabichi vipande vinne, toa kigogo, laza upande bapa kwenye kibao, kisha kata nyembamba kiasi kwamba ukiinua uzi mmoja kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole chako nyuma yake. Karoti ndiyo ya grata, ile ya matundu makubwa.

Ukiwa sokoni, iwe Majengo au Sabasaba au kule Nzuguni, chagua kabichi nzito kuliko umbo lake, iliyofunga, na ukiibana majani yanalia. Nyepesi na yenye nafasi ndani ni ya kupika. Usikubali iliyoshinda juani imefunikwa gunia.

Halafu chumvi. Baada ya kukata, tia chumvi vijiko viwili vya chai kwa kilo, fikicha kidogo, acha nusu saa mpaka saa moja, suuza kwa maji safi, kamua kwa kitambaa. Maji ambayo yangetoka mezani yameshatoka jikoni.

Mpishi_Chamwino – saa 4:25 asubuhi

Kaka Fundi, baada ya yaliyonipata mimi siiwekei chumvi kabichi mpaka dakika ya mwisho. Ninachofanya sasa naikata, naizamisha kwenye maji ya barafu nusu saa, naichuja na kuikausha sana. Inakunywa maji, inasimama, ukitafuna inalia mpaka jirani anasikia.

Fundi_Kisu – saa 4:33 asubuhi

Kwa sahani ya watu sita wanaokula papo hapo nakubaliana na wewe kabisa. Ila maji iliyoyanywa kwenye barafu itayatapika ikikutana na chumvi ya sosi. Watu 150 hawahudumiwi ndani ya dakika tano. Iliyokamuliwa kwa chumvi haivimbi kama ya barafu, inapinda kidogo, lakini inabaki na mlio wake mpaka jioni.

Mpishi_Chamwino – saa 4:36 asubuhi

Inapinda kidogo ndiyo ile ile "imelala" anayoikimbia mama Neema.

Fundi_Kisu – saa 4:40 asubuhi

Hapana dada, iliyolala ni iliyozama kwenye maji yake yenyewe. Ijaribu na kabichi moja uone.

Mwl_Kondoa – saa 6:15 mchana

Naomba nirudi kwenye karanga, maana naona zimesahaulika. Msinunue zile zilizomenywa zamani ambazo zimekaa wazi kwenye ndoo sokoni. Nunueni zenye maganda, mmenye wenyewe, na mchambue moja moja. Iliyosinyaa, yenye rangi ya kijivu au kijani, au yenye harufu ya vumbi la stoo, tupa. Sisi wa kanda hii tunajua kwa nini. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara ndugu zetu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na kuvu huyohuyo anapenda karanga vilevile. Kukaanga hakuiondoi, moto wa jikoni haufiki huko. Na ukitafuna moja ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa aibu.

Zikaange kavu kwenye sufuria pana kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka ganda jekundu linatoka lenyewe kwa kusugua. Zipoe kabisa ndipo uzifunge kwenye kopo. Ukizifunga zikiwa na joto zinatoa jasho, na mlio umekwisha.

Babu_Mpunguzi – saa 7:02 mchana

Mwalimu amesema vema. Na karanga ni mmea wa historia hapa kwetu. Waingereza baada ya vita walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta, wakasema watalima karanga za kulisha mafuta Uingereza nzima. Mibuyu ikawashinda kung'oa, udongo wakati wa kiangazi ukakauka kama saruji, mvua ikawakatalia. Mwaka 1951 wakaacha, mamilioni ya pauni yamepotea. Baba yangu alifanya kibarua kule. Alikuwa anasema mkulima wa jembe la mkono pale pale jirani alikuwa anavuna zake debe mbili bila kelele.

Kitunguu_Swaumu – saa 7:10 mchana

Babu hili la Kongwa sikuwahi kulisikia kwa mtu ambaye mzazi wake alikuwepo. Tafadhali fungua mada yake peke yake utueleze yote. Walilipwa kiasi gani? Waliishi wapi?

Babu_Mpunguzi – saa 7:31 mchana

Nitaandika, nikipata mjukuu wa kunichapia. Alikuwa anakaa kambini, na chakula walikuwa wanapimiwa unga.

Korosho_Manyoni – saa 8:20 mchana

Natetea korosho. Siku hizi si lazima ungoje za Mtwara na Lindi, hapa Manyoni tunalima. Korosho ina utamu wa mafuta, hailazimishi ladha yake kama karanga, na ikivunjwa mara mbili tu inaonekana kwenye sahani. Kwa kipaimara cha binti, kitu cha mara moja maishani, ningejikaza.

DadaWaKisasa – saa 8:34 mchana

Kwa watu 150? Bei ya kilo moja ya korosho unanunua karanga kilo kadhaa na ndimu za kutosha juu yake. Kamati haitapitisha. Changanya karanga nyingi na korosho chache za kunyunyizia juu ya meza kuu, basi.

Kitunguu_Swaumu – saa 8:41 mchana

Hilo la meza kuu kula tofauti na wengine mimi silipendi. Sherehe ya kanisa hiyo. Ama wote ama hakuna.

DadaWaKisasa – saa 8:45 mchana

Ni kweli, hapo umenirekebisha.

MamaNeema_Ilazo – saa 11:20 jioni

Nimerudi kutoka kazini na kusoma yote, Mungu awabariki. Bajeti naelekea kwenye ndimu na alizeti kwa sehemu kubwa, epo za kijani, karanga. Kabichi sijaamua, chumvi ya Fundi au barafu ya Mpishi.

Halafu kuna jambo nililisahau, samahani. Mtoto wa wifi yangu, ana miaka saba, hali karanga. Mara ya mwisho alivimba midomo na kupumua kwa shida, wakamkimbiza hospitali. Nikitoa zile zake pembeni itatosha?

Jikoni_AreaD – saa 11:24 jioni

MAMA NEEMA. Hilo lilitakiwa kuwa neno la kwanza. Haitoshi kutoa karanga kwenye sahani yake. Kijiko kile kile, beseni lile lile, mkono wa mtu aliyetoka kushika karanga, vyote ni hatari kwa mtoto wa namna hiyo. Karanga zisiingie kabisa kwenye beseni. Na zikiwa kwenye bakuli pembeni, watoto 40 watakuwa wanazichota na kukimbia nazo uani, naye yumo.

Mwl_Kondoa – saa 11:40 jioni

Naondoa maneno yangu yote ya karanga kwa sherehe hii. Korosho nayo msiibadilishe kirahisi, wapo watoto wanaokataliwa na vyote viwili. Wifi aulizwe yeye, na daktari wa mtoto alisema nini.

Singida_Alizeti – saa 12:05 jioni

Nilikuwa nasoma kimya, sasa nimepata nafasi. Mbegu za alizeti. Si za kuku, zile zilizokobolewa, kokwa tupu la kijivu. Kaanga kavu dakika tano mpaka zianze kunukia na kuwa na rangi ya dhahabu pembeni. Ni ndogo, zinajipenyeza katikati ya kabichi na zinalia vizuri kuliko karanga, kwa sababu haziloani haraka. Kilo moja inatosha watu wako wote. Hakikisha tu hazikufungwa mahali panapofungwa karanga, mwulize muuzaji ana kwa ana, na wifi naye aseme kama mtoto ameshawahi kuzila.

Ubuyu_Mweupe – saa 12:11 jioni

Alizeti juu ya sosi ya ubuyu! Nimekaa nayo kichwani tangu nimesoma.

MamaNeema_Ilazo – saa 1:30 usiku

Nimempigia wifi. Mtoto anakula alizeti nyumbani, wananunua zile za pakiti, hazijawahi kumdhuru. Ufuta pia anakula. Korosho hawajawahi kujaribu na hawataki kujaribia kwangu. Nimeshukuru mmenishtua, ningeenda na kilo moja na nusu ya karanga kama nilivyokuwa nimepanga.

Jumamosi hii, wiki moja kabla, natengeneza vibakuli vitatu vidogo: ndimu na alizeti, mtindi uliochujwa, na ubuyu. Kabichi nusu ya chumvi, nusu ya barafu. Naviacha uani kivulini kuanzia saa 8 hadi saa 10 kisha tunaonja nyumba nzima.

Fundi_Kisu – saa 1:38 usiku

Viandike majina chini ya bakuli, wasionje wakijua. Na funika, upepo wa mwezi huu na vumbi la Ilazo vitakupa koleslo ya mchanga. Siku yenyewe tafuta vyandarua vya chakula au vitambaa vyeupe vyenye uzito pembeni.

Mpishi_Chamwino – saa 1:44 usiku

Siku yenyewe kabichi iliyokatwa usiku iweke kwenye mifuko safi na kitambaa kikavu ndani cha kunyonya maji. Sosi kwenye chupa. Epo likatwe mkitoka kanisani. Changanya beseni la watu 30 kwa awamu, likiisha ndipo uchanganye jingine. Usichanganye yote. Nakuomba.

MamaNeema_Ilazo – saa 1:50 usiku

Nimekusikia dada. Mifuko hiyo ndiyo haitaingia kwenye friji. Kuna mwenye deli la barafu Ilazo au Kisasa?

DadaWaKisasa – saa 1:57 usiku

Ninalo, lile kubwa la lita 60. Njoo ulichukue Ijumaa jioni, barafu nitaanza kugandisha Alhamisi. Na ubuyu nimejaribu leo mchana. Mume wangu alikula, akarudia, kisha akaniuliza kama ni sosi ya dukani. Bado naona epo ni lazima.

Babu_Mpunguzi – saa 2:10 usiku

Na zabibu je? Nina jirani ana za mezani, mbegu ndogo sana. Niseme nikuletee kilo mbili za kuonja Jumamosi.

MamaNeema_Ilazo – saa 2:14 usiku

Babu niletee, nitaongeza kibakuli cha nne.

Kitunguu_Swaumu – saa 2:26 usiku

Naomba kuuliza wakati mnasubiri Jumamosi. Leo nimeona kabichi ya zambarau Sabasaba, ya kwanza kuiona hapa. Mtu akiitia kwenye mtindi, inachuja rangi?

Mtindi_Mzito – saa 2:31 usiku

Inachuja. Mtindi wote unakuwa wa pinki ndani ya dakika kumi. Binti wa kipaimara anaweza kuipenda.

Fundi_Kisu – saa 2:33 usiku

Ukiifikicha na chumvi kwanza na kuisuuza haichuji sana.

Mpishi_Chamwino – saa 2:35 usiku

Kaka Fundi na chumvi yako.